Mashua Kumi na Moja, Klasi Nne, Mshindi Hakuna

Jumapili moja ya Novemba nilikuwa nimesimama ukingoni mwa ziwa, penseli mkononi, daftari limeanza kulowa, nikijaribu kujua nani anaongoza. Majini mlikuwa na mashua kumi na moja, zote za rimoti, zote zimeondoka kwa kipenga kimoja. Tatu zilikuwa zimeshalizunguka boya la pili. Nne zilikuwa nyuma yao, zimebanana. Tatu ndogo ndiyo kwanza zilikuwa zinabisha kulifikia boya la kwanza, na mojawapo ilikuwa imegongwa ubavu na mashua yenye uzito zaidi ya mara tatu ya wake. Moja iliyobaki, ndefu kuliko zote, ilikuwa peke yake mbali huko mbele, inakwenda vizuri mno, haishindani na mtu.

Mbio zilipoisha wakataka matokeo. Nikasoma namba kama zilivyofika. Mzee mmoja akacheka: "Hayo si matokeo. Umetusomea orodha ya urefu."

Nikatazama daftari. Kweli, kutoka ya kwanza hadi ya kumi na moja zilikuwa zimepangika kuanzia ndefu hadi fupi. Ningeweza kubaki nyumbani na futi kamba nikapata jibu lile lile.

Klabu yenyewe sitaitaja. Iko katikati ya Uingereza, kwenye ziwa lililobaki baada ya kokoto kuchimbwa, kama zilivyo klabu nyingi za huko. Shughuli yake kubwa ni mashua za kawaida, zile za mtu mmoja au wawili. Kikundi cha rimoti kilianzishwa na wanachama ambao magoti yalikuwa yamekataa kukunjwa tena ndani ya mashua hizo. Ubaharia ulikuwa bado umo vichwani, mwili ndio uliojiuzulu. Mimi niliingia kwa njia nyingine: nilipita nikitembea, nikaona matanga, miguu ikakataa kuondoka. Mamangu kule Mombasa aliposikia kwa simu kwamba mwanawe wa miaka hamsini na ushei hushinda Jumapili kwenye baridi akichezea vijimashua, aliuliza jambo moja tu: "Vya ndala, au wameendelea?" Alikuwa akikumbuka vile tulivyochonga kwa kandambili zilizokatika na kuvivika mfuko wa plastiki.

Wameendelea, mama.

Klasi ni nini hasa? Wageni hudhani ni aina ya mashua. Mimi naiona kama mapatano ya yale tuliyokubaliana kutoyafanya. Mtu akiachiwa mashua isiyo na masharti, atairefusha na kuitundika tanga kubwa mpaka pesa zimwishie. Kila klasi huzuia jambo fulani, na tabia yake yote hutokana na kile ilichozuia na kile ilichosahau kuzuia.

Zile tatu zilizolizunguka boya la pili mapema zilikuwa Marblehead. Klasi hiyo ilianzia mji wa jina hilo, Massachusetts, mwaka 1930, na aliyeiasisi ni Roy Clough. Masharti yake ya mwanzo yalikuwa mafupi ajabu: urefu usizidi inchi 50, matanga yasizidi inchi za mraba 800. Kwa masharti ya leo kikomo cha urefu ni mita 1.29. Enzi hizo rimoti hazikuwepo. Mashua ilijiendesha yenyewe kwa kifaa kilichounganisha upepo na usukani, na wenyewe walitembea kando ya bwawa na fimbo ndefu wakiigeuza kila ilipofika ukingoni. Kwa kuwa masharti ni machache, mafundi wamejaza nafasi iliyobaki: kaboni kila mahali, bodi nyembamba kama jani la mgomba, na matanga yote mawili yakiwa juu ya mti mmoja unaozunguka pamoja na mlingoti. Ni mashua za watu wanaopenda karakana kuliko mbio.

Ile ndefu ya peke yake ilikuwa 10 Rater, klasi ya kale kuliko zote nne. Yake ni kanuni ya hesabu: urefu wa mashua majini unazidishwa kwa ukubwa wa tanga, na jibu halitakiwi kuvuka kikomo. Ukitaka mashua ndefu, punguza tanga. Ukitaka tanga kubwa, fupisha mashua. Mwenye nayo alikuwa ameijenga kwa mkono wake, vipande vya mwerezi, rangi ya asali. Sijaona kitu kizuri kuliko kile juu ya maji baridi. Lakini ilikuwa moja.

Zile nne za katikati zilikuwa za mita moja, ambazo duniani kote huitwa IOM, yaani International One Metre. Tatu ndogo zilikuwa DragonForce 65, yaani DF65, za sentimita 65, kilo moja na kidogo, zitokazo kiwandani Uchina ndani ya boksi pamoja na rimoti yake. Masharti yake ni ukuta: bodi ni ya kiwanda, matanga ni ya vipimo vile vile, huruhusiwi kubuni. Mafundi wa Marblehead walikuwa wakiziita midoli.

Kwanza nilijaribu dawa rahisi, fidia ya muda, yaani mashua ya polepole ipunguziwe dakika kwa hesabu. Hapa nina kosa la kukiri, maana nililijua jibu kabla. Mashua inayokwenda bila kuruka juu ya maji hubanwa na wimbi inalolitengeneza yenyewe, na kasi yake ya juu hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake majini. Piga hesabu: njia ambayo mashua ya mita moja huimaliza kwa dakika 20, ya sentimita 65 itataka karibu dakika 25, na Marblehead isiyozidi 18. Nikachora jedwali, nikalibandika mlangoni, nikajiona mwanasayansi.

Jedwali liliishi Jumapili mbili. Ya kwanza upepo ulikuwa kama pumzi ya mgonjwa. Upepo ukiwa hivyo hakuna mashua inayokaribia kasi yake ya juu, na kinachotawala ni ukubwa wa tanga ukilinganishwa na mwili unaosuguana na maji. Marblehead zikashinda hata baada ya fidia, kwa mbali. Ya pili ulivuma wa kukatikakatika. Mmoja wa wenye Marblehead aligoma kubadilisha tanga, mashua yake ikawa inazamisha omo na kuinua usukani nje, na DF65 iliyofungwa tanga dogo ikatangazwa mshindi kwa fidia ingawa ilifika wakati wengine wanakunywa chai. Kwa hiyo namba moja ya fidia haitoshi. Ungehitaji namba kwa kila upepo, na upepo wa ziwa lililozungukwa na miti hubadilika mara tatu kabla boya la kwanza. Kwetu Pwani hakuna nahodha atakayeishindanisha ngalawa na jahazi kisha aseme amejua nani baharia. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nikabandika jedwali.

Februari ukaitwa mkutano. Walikuja kumi na wawili. Hoja ilikuwa moja: tuchague klasi ya klabu, Jumapili ziwe zake, nyingine zijitafutie. Aliyetetea IOM alizungumza vizuri. Alisema ndiyo klasi yenye mashindano kila kona ya nchi, vipimo vinathibitishwa na mpimaji rasmi, na mashua ikichakaa ina soko. Yote kweli. Akaongeza kuwa ni klasi ya gharama nafuu, na hapo ningepaswa kuinua mkono.

Ilizaliwa hivyo, sikatai. Mwaka 1988, ndani ya idara ya mashua za mfano ya shirikisho la kimataifa la mbio za tanga, nia ilikuwa klasi rahisi ambayo mtu angeweza kuijenga nyumbani. Masharti yanaonyesha nia hiyo. Urefu usizidi mita moja. Uzito usipungue kilo nne, na kati ya hizo pezi la mkuku na donge lake la risasi, yaani farumi, viwe kati ya gramu 2,200 na 2,500. Bodi isiwe na kaboni. Mlingoti uwe wa alumini au mbao. Seti za matanga ni tatu tu, kubwa, ya kati na ndogo, vipimo vimefungwa. Rimoti inaendesha mambo mawili, usukani na kamba za matanga, basi.

Ila umbo la bodi liliachwa huru. Mlango huo mmoja ulitosha. Vichwa vyote na fedha zote zilipita hapo: bodi za zamani za mviringo zikapitwa na zenye kona kali ubavuni, kama Britpop ya Brad Gibson, na mtu mwenye mashua ya miaka kumi nyuma akajikuta anasukuma toroli. Leo mashua mpya ya kushindania, pamoja na seti zake tatu na rimoti ya maana, hupita pauni elfu moja na nusu bila kutoka jasho.

Kura: saba kwa tano, IOM ikapita. Wenye IOM walikuwa wanne. Wawili wa Marblehead waliwaunga mkono ili DF65 isipite, na mmoja alipiga kura kwa sababu alikuwa anachelewa nyumbani. Huyo ni mimi.

Mwenye mashua ndogo mmoja alikuwa kijana wa Tanga, muuguzi hospitalini, anayekuja na bintiye wa miaka tisa. Ndani ya klabu tulisema Kiingereza kama wengine, lakini kwenye maegesho ya magari lugha ilirudi. Baada ya mkutano akanisubiri karibu na gari langu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usikate tamaa, kuna za mkononi, za bei ya kati."

"Kaka, mimi nilikuwa na mia mbili na kidogo. Nikanunua hii, mtoto akafurahi. Sasa mnaniambia nitafute elfu."

"Si lazima iwe mpya."

"Ya zamani itamaliza ya mwisho kila wiki, na huyu binti yangu anajua kuhesabu."

Sikuwa na jibu. Machi walikuja mara moja. Aprili hawakuja.

Mtu akiutazama mkutano ule sasa ataona kasoro iliyo wazi: tuliwahesabu waliokuwepo, hatukuwahesabu wanaoweza kuja. Ni kweli, lakini hiyo si nusu ya kisa. Nusu kubwa ilikuwa chini ya maji.

Ziwa letu lina gati fupi la mbao, na mbele yake kuna kilindi. Upande wa magharibi, ambako boya la juu huwekwa upepo ukitoka huko, na mara nyingi hutoka huko, kuna tuta la kokoto ambalo wachimbaji waliliacha. Majira ya baridi hulioni. Ikifika Juni maji hushuka na magugu hupanda. IOM inaingia majini kati ya sentimita 37 na 42 kwa mujibu wa masharti yake yenyewe, na Marblehead inaruhusiwa kufika 70. Katikati ya Julai mashua zote za klasi yetu rasmi zilisimama juu ya tuta lile, moja baada ya nyingine, zikivuta mikia ya majani mapezini kama kuku waliofungwa kamba. Tulizitoa kwa mtumbwi wa uokoaji, tukarudia, zikasimama tena. Saa tano asubuhi tulikwenda kunywa chai. Ziwa ni kubwa, na tungeweza kulisogeza boya, lakini upande wa mashariki kuna miti na upepo wake ni wa kubahatisha. Hakuna aliyekuwa ameingiza fimbo majini kabla ya Februari. Fimbo yenyewe ipo, imeegemezwa nyuma ya kibanda, ina alama za sentimita.

Siku ile ya magugu nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia, na kwangu ndilo kiini cha kisa chote. IOM moja ilikata uzi unaovuta matanga. Mwenye nayo akafungua kisanduku, akakosa uzi wa unene ule. Wenzake watatu walikuja, kila mmoja na kisanduku chake, na katika dakika sita mashua ilikuwa imerudi majini, maana mashua zao zinafungwa karibu sawa na wote walijua uzi unapita wapi. Jumapili moja kabla ya kura ile, mwenye 10 Rater alikuwa amevunjikiwa na sevo, mota ndogo inayotii rimoti, dakika ya tatu ya mbio za kwanza. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja mpaka saa saba. Watu walimwonea huruma, wakamletea kahawa, lakini hakuna aliyejua ndani mwa mashua ile mna nini. Vifaa vyote alivibuni mwenyewe.

Tangu hapo nikaanza kuangalia ukingo badala ya maji. Mtu akinunua mashua ambayo wengine watano wanayo, amenunua pia visanduku vitano vya vipuri na macho matano yanayoona kwamba tanga lake la mbele limelegea. Akiwa peke yake, hata mashua iwe bora vipi, kila hitilafu ni yake, na ushindi wake hauna wa kuupima. Hata kanuni zinadhani mko pamoja. Kiambatisho E cha kanuni za mbio za tanga, kile cha mashua za rimoti, kinapanua eneo la kuzungukia boya hadi urefu wa mashua nne badala ya tatu, na katika miito fulani kinataka utaje namba iliyo tangani, kwa sababu nahodha hayumo ndani na anaweza asijue kwamba anaitwa yeye. Sasa urefu wa mashua nne, wakati moja ni ya sentimita 65 na jirani yake karibu mita moja na nusu, ni urefu wa nani? Kanuni hujibu kwamba ni wa ile iliyo karibu zaidi na boya, lakini ukingoni kila mtu huiona yake. Nimesuluhisha ugomvi wa namna hiyo mara mbili. Mara zote mbili pande zote zilinikasirikia.

Mwezi wa tisa hatukuitisha kura. Tulifanya mambo mawili madogo. La kwanza lilikuwa sharti la mashua tano: klasi yoyote ikileta mashua tano kwenye gati inapewa kipenga chake na matokeo yake yanaandikwa, zikipungua, inatembea kwa raha zake baada ya mbio, bila daftari. La pili, klabu ilinunua DF65 sita na kuziweka kabatini, za kuazima siku za Jumatano jioni. Sita kwa pamoja hazikufika bei ya IOM mpya yenye kila kitu. Pezi lake fupi linapita juu ya tuta bila shida, na magugu yakilishika, mashua nyepesi hujinasua upepo ukikaza. Jumapili zikabaki za IOM wakati wa maji mengi, kuanzia Oktoba hadi Mei.

Sharti la mashua tano lilimuudhi kila mtu kwa wiki tatu, kisha likaacha kuonekana, kama sheria nzuri zinavyofanya. Wenye Marblehead ni watatu, kwa hiyo walianza kupiga simu. Walimtafuta mmoja wa klabu jirani, na mwingine aliyekuwa na yake darini tangu zama za rimoti za kristali. Jumapili moja ya Oktoba walifika watano kamili, na nilipiga kipenga chao kwa mikono miwili. Laiti tungeanza na sharti hilo Novemba ile, mkutano usingehitajika. Nimeambiwa kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyeyaona matokeo. Ndiyo, ndiyo maana naandika.

Binti wa Tanga alirudi Jumatano ya pili. Babake alikuwa zamu. Aliletwa na mamake, ambaye alikaa garini na kitabu. Mzee wa Marblehead, yule wa kusema "midoli", aliazima mashua ya kabatini yenye namba 04 akidai anataka tu kuona kwa nini inayumba. Kwenye boya la chini binti akapaza sauti, kwa Kiingereza kilichonyooka, "Sifuri nne, nafasi!" Mzee akampisha, kwa sababu kanuni ilimtaka ampishe, kisha akageuka kunitazama kama mtu aliyeibiwa. Alimaliza wa tano. Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni kabla yangu, akiuliza ufunguo wa kabati uko kwa nani.

Mwenye 10 Rater hakurudi. Nilimpigia Novemba, alikuwa mchangamfu, akanieleza kwa kirefu kuhusu upepo wa ziwa jingine, umbali wa saa moja kwa gari, ambako wapo wengine wanne wenye kama yake. Wakiwa na yeye, ni watano.

Kibandani kwetu bado kuna ule ubao wa zamani wa vibanio, wa wakati ambapo kila rimoti ilikuwa na kristali ya masafa yake, na watu wawili wakiwa na masafa mamoja mashua ilitii mabwana wawili. Ulikuwa huingii majini kabla hujachukua kibanio cha rangi yako. Rimoti za leo za gigahezi 2.4 hutafutana zenyewe, na hakuna anayeugusa ubao ule. Kibanio cha mwenye 10 Rater, cha kijani, kina herufi za jina lake kwa wino uliofifia. Aliniuliza kama bado kipo. Nikamwambia kipo. Akasema atakipitia siku moja, akiwa njiani.